UZI: Ghala limejaa mahindi, mtoto amedumaa. Iringa, Njombe na Rukwa tunakwama wapi?

Mto Ruaha (mwanzisha uzi):
Wakuu habari za muda huu. Nina jambo nataka tulijadili kwa kina, ni refu kidogo ila naomba msome mpaka mwisho.

Mikoa inayolisha nchi hii ndiyo inayoongoza kwa udumavu wa watoto, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulitoa wastani wa nchi asilimia 30, yaani kwenye kila watoto 10 walio chini ya miaka 5 watatu wamedumaa. Sasa njoo huku kwetu, Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Na kinachoniuma zaidi, nchi nzima ilikuwa inashuka toka asilimia 34 ya 2015/16, sisi Iringa tulikuwa tunapanda, kipindi hicho tulikuwa kwenye 42 hivi. Hii ni mikoa ambayo msimu wa mavuno malori ya mahindi hayakatiki barabarani, viazi mviringo vipo, maharage, parachichi, maziwa vyote vipo. Dar wananunua kila kitu mpaka fungu la mchicha na bado udumavu wao uko chini sana ya wetu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilaya ya Kilolo, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na ile siku ya afya na lishe ya kijiji nakuwepo kwenye kupima watoto, kwa hiyo naongea ninachokiona kwa macho. Maelezo yanayorudiwa kila semina ni kwamba wakina mama hawana elimu ya lishe. Hilo nalikataa kwa sehemu kubwa. Mama wa huku muulize makundi ya chakula atakutajia yote bila kukosea, kaimbishwa kliniki toka mimba ya kwanza. Ninachokiona mimi ni MUDA wa mama, na pia nani nyumbani anaamua kipi kiuzwe kipi kibaki.

Ngoja niwape siku moja ya mtoto wa mwaka na miezi miwili, mwezi wa kwanza palizi imepamba moto. Mama anaamka saa kumi na moja, anachemsha chai ya rangi na viazi, mtoto anapewa chai kwenye kikombe cha plastiki na nusu kiazi akiwa bado na usingizi. Saa kumi na mbili na nusu mama yuko njiani, na mashamba ya huku siyo ya nyuma ya nyumba, ni kupanda mlima na kushuka mwingine. Mtoto anabaki na dada yake ambaye hata darasa la kwanza hajaanza, au na bibi ambaye macho hayaoni vizuri. Kimeachwa kiporo cha ugali na majani ya maboga kwenye bakuli, juu limefunikwa na sahani. Yule dada atamlisha akikumbuka, tonge mbili tatu, nyingine anakula mwenyewe maana na yeye ni mtoto ana njaa. Mama anarudi saa kumi jioni na mzigo wa kuni kichwani, ananyonyesha huku anachambua mboga, ugali wa usiku unaiva saa mbili mtoto keshalala, wanamwamsha anameza matonge mawili anasinzia tena. Mtoto wa umri huo anatakiwa ale mara tatu mpaka nne kwa siku, katikati apate kitu kidogo kama tunda, na bado anyonye. Tumbo lake ni dogo jamani, haliwezi kubeba chakula cha siku nzima kwa mlo mmoja wa usiku hata huo mlo uwe na nyama.

La pili ni sokoni. Kuku wapo wanataga, mayai yanakusanywa kwenye kikapu yanaenda mnadani yanageuka sabuni, chumvi na madaftari. Maharage yanauzwa kwa gunia, parachichi dalali kazinunua zikiwa bado mtini. Simlaumu mkulima, pesa inahitajika kweli. Ila kwenye mazao yote hayo hakuna hata fungu moja lililotengwa likaitwa hili ni la mtoto.

Pendekezo langu naliweka wazi. Semina za makundi ya chakula zipungue, msimu wa kilimo kila kitongoji kiwe na sehemu ya kulelea watoto kwa zamu, uji na chakula cha mchana kinapikwa pale pale. Wala sijaleta kitu kipya. Iringa hii hii kuanzia 1983/84 palikuwa na programu ya lishe ya serikali pamoja na UNICEF na WHO kwa pesa ya Italia, ilianza na vijiji 168, watoto wanapimwa uzito hapo hapo kijijini, kamati ya kijiji inakaa na majina mezani inajiuliza huyu kapungua kwa nini na sisi kama kijiji tunafanya nini, na vituo vya kulea na kulisha watoto vilikuwepo. Ile namna ya kufikiri iliyotoka Iringa UNICEF waliichukua mwaka 1990 ikawa ndiyo mwongozo wao wa lishe dunia nzima. Dunia imesoma kwetu, watoto wetu wako 56.9. Karibuni.

Kisima:
Mkuu hongera kwa uzi ila kuna kitu mnakikwepa. Watu wa nyanda za juu kusini wengi ni wafupi toka enzi za mababu, baba mfupi mama mfupi mtoto atarefukia wapi? Babu yangu alikuwa mfupi na kafika uzee mkubwa akiwa analima mwenyewe. Hivyo vipimo vimetengenezwa kwa watoto wa kizungu ndiyo maana wa kwetu wanaonekana wagonjwa.

Mto Ruaha:
Kisima nashukuru umelisema kwa sauti maana wengi wanalifikiria hilo kimoyomoyo. Vipimo tunavyotumia ni vya WHO vya 2006, na walivipata kwa kufuatilia watoto wa nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, wanaolishwa vizuri, wanaoishi kwenye mazingira safi, na hao watoto wa Ghana na wa Norway walikua karibu sawa sawa kabisa mpaka miaka 5. Mtoto wa kiume wa miaka 2 wastani wake ni kama sm 87, akiwa chini ya sm 81 ndiyo anahesabiwa kadumaa. Sasa hiyo siyo tofauti ya kidogo ya kusema kamfuata baba yake.

Alafu fikiria hili, Iringa imetoka 42 ikafika karibu 57 ndani ya miaka kama saba. Damu ya ukoo haibadiliki kwa miaka saba. Na urefu ni alama tu inayoonekana kwa nje, kilichopungua kwenye urefu kimepungua na kwenye ubongo na kinga ya mwili, ndiyo hao baadaye wanaugua ugua na darasani wanapata tabu.

Mama Junior:
Nipo maeneo ya Makambako. Asante sana kwa huu uzi, umenigusa pabaya. Mimi naomba niongezee kubemenda, maana hili linaua watoto kabisa huku. Mtoto wa jirani yangu alianza kuvimba miguu, nywele zikawa nyepesi zimefifia rangi, hachezi, amekaa tu kwenye mkeka anakuangalia. Mama mkwe akasema mtoto kabemendwa, baba yake kaingia na wanawake wa nje kisha kamshika mtoto. Basi hapo ugomvi ukaanza ndani ya nyumba, mume anakana, mke analia, mtoto anapelekwa kwa mganga anachanjwa anafungwa hirizi, wiki zinaenda. Alipofikishwa kituo cha afya nesi alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, pale alipobonyeza pakabaki shimo halirudi. Akalazwa siku hiyo hiyo akaanzishiwa maziwa maalumu. Alipona namshukuru Mungu. Lakini aibu ya lile neno ndiyo iliyomchelewesha yule mama, angeenda hospitali mapema watu wangesema kweli mumewe malaya. Wazazi wanaficha watoto ndani kwa sababu hiyo.

Nesi wa Zamu:
Mama Junior umesema kitu muhimu sana dada yangu. Kuvimba miguu yote miwili ni dalili ya kumkimbiza mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mnene. Mnene yule ni maji.

Niweke sawa na kitu kingine. Ile tepu ya kupima mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59, chini ya sm 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Toka 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani. Watu wakiona kijani wanashangilia wanarudi nyumbani. Sasa ile tepu inaona ukondefu tu, udumavu haiuoni kabisa, mtoto anaweza kuwa na mkono wa kijani na amedumaa vibaya sana. Udumavu unauona kwa kumlaza kwenye mbao ya kupimia urefu na kulinganisha na umri wake, na sehemu nyingi mtoto akimaliza chanjo ya miezi 18 humuoni tena kliniki. Mama mpeleke mtoto mpaka afike miaka 5, na ukifika ulizia urefu, usikubali mizani tu.

MzeeWaDona:
Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga, nimefanya hii kazi miaka mingi. Wateja wangu kumi wakija nane wanataka kukoboa, sembe nyeupe ndiyo heshima, dona wanaona ni ya shule na ya jela. Unapokoboa kile kiini na lile ganda vinaenda kwenye pumba, na humo ndimo kuna mafuta, protini, madini ya chuma, zinki na vitamini B. Pumba tunawapa nguruwe. Kwa hiyo nguruwe anakula kizuri kuliko mtoto, na hili naliona kila siku linapita kwenye mikono yangu. Kanuni ya kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi ipo toka 2011 lakini inawafikia viwanda vikubwa, mashine ya kijijini kama yangu haina hiyo kitu, na wanakijiji wanakula unga wa kwangu siyo wa dukani.

La pili ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Watu wanaanika mahindi chini kwenye udongo, mvua inanyesha usiku yanalowana, yanaanikwa tena. Karanga ndiyo balaa zaidi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, hilo lilitangazwa. Ile kidogo kidogo ya kila siku haikuui ila inahusishwa na watoto kutokukua, na hata ukipika haiishi. Punje zilizooza au zenye ukungu usimpe mtoto na usiwape kuku pia. Anika juu ya turubai, hifadhi yakiwa yamekauka kabisa, ile mifuko ya kinga njaa inasaidia.

Eliza86:
Samahani wakuu, mimi nina mtoto wa miezi 7, wa kwanza. Nampa uji wa lishe, unga nimechanganya mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, niliambiwa vikizidi ndiyo vizuri. Uji naufanya mwepesi ili apite kwenye chupa. Lakini uzito hauongezeki toka mwezi uliopita na kila akila anaharisha kidogo. Nakosea wapi jamani naombeni msaada, bibi yake anasema nimwachishe ziwa maziwa yangu yameharibika.

Nesi wa Zamu:
Eliza86 kwanza mdogo wangu usimwachishe, maziwa ya mama hayaharibiki kifuani, nyonyesha mpaka miaka 2 na kuendelea. Kesho mpeleke kituoni waone hilo la kuharisha na uzito, haya ninayoandika hayachukui nafasi ya kumpima.

Kuhusu huo unga, punguza. Nafaka moja au mbili zinatosha kabisa, kwa mfano dona na ulezi. Nafaka tano ni nafaka tu, zinafanya kazi ile ile, kinachokosekana humo ni vyakula vingine. Soya mbichi ikisagwa hivi hivi inasumbua tumbo, inatakiwa ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na inawezekana ndiyo inayomharisha. Karanga usizisage ukaziweka kwenye unga wa mwezi mzima, zinachacha na zinaota ukungu, chambua nzuri saga kidogo weka siku unayopika. Dagaa pia saga pembeni weka kijiko wakati wa kupika.

Na chupa achana nayo, kuisafisha chuchu yake ni kazi, tumia kikombe na kijiko. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko uteremke polepole siyo kumwagika kama chai. Uji mwepesi una nguvu ndogo hata kuliko maziwa yako mwenyewe, kwa hiyo unamjaza tumbo kwa maji alafu ananyonya kidogo. Ukiona ni mzito sana hamezi, tumia kimea. Hiki kimea cha ulezi ambacho wapika pombe wanakijua, ulezi umeloweshwa ukachipua ukakaushwa vizuri juani ukasagwa. Pika uji mzito kabisa, utoe jikoni upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea koroga, baada ya dakika chache utauona umelainika wenyewe bila kuongeza maji, rudisha jikoni uchemke tena. Hii mbinu watu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliihangaikia toka miaka ya 80, nashangaa imepotea.

Kwa miezi 7 asiishie kwenye uji pia. Mpondee kiazi na maharage yaliyotolewa maganda, parachichi, kiini na ute wa yai lililoiva kabisa, ini la kuku likisagwa. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma inayomtosha miezi kama 6, baada ya hapo lazima atoe kwenye chakula, na mahindi hayampi ya kutosha. Chai ya rangi usimpe kabisa, inazuia hayo madini yasifyonzwe.

BintiWaNyasa:
Mimi natokea pwani ya ziwa Nyasa upande wa Ludewa. Huku usipa, hawa dagaa wa ziwa Nyasa, ni chakula cha kila siku, mtoto anakula na mifupa na kichwa. Lakini nikienda kwa shangazi yangu milimani, kilomita chache tu juu, hawali, wanasema unanuka. Wachuuzi wanaubeba wanaupitisha hapo hapo unaenda mjini. Ukikaanga kidogo bila mafuta ukasaga unga wake hauna harufu kali na mtoto anakula kwenye ugali bila shida, shangazi sasa hivi ananiagiza.

Nesi wa Zamu:
BintiWaNyasa umenikumbusha kitu. Kuna utafiti ulifanyika Ekuador ukatoka 2017, watoto walianza kupewa yai moja kila siku wakiwa na miezi 6 mpaka 9 kwa muda wa miezi sita, udumavu ukapungua karibu nusu. Watu wakashangilia sana. Wakarudia Malawi, wilaya ya Mangochi, hapo hapo kwenye ziwa hilo hilo kwa upande wa pili, yai halikubadilisha udumavu. Maelezo yao mojawapo ni kwamba watoto wale tayari walikuwa wanakula samaki kwa wingi. Mimi funzo ninalolichukua ni kwamba yai linasaidia pale ambapo hakuna chochote cha mnyama kwenye sahani, na vijiji vingi vya milimani ndivyo vilivyo.

Kijana wa Njombe:
Kwenye nyama mbona mnasahau simbilisi, wale wanyama wadogo kama sungura wenye masikio mafupi? Nyumba nyingi huku kwetu wanafugwa jikoni, wanakula majani na maganda ya viazi, wanazaana haraka, mtoto wa miaka 9 anawahudumia mwenyewe. Kuku akichinjwa ni mpaka mgeni aje, na hapo firigisi ya baba, mapaja ya mgeni, mtoto anabaki na shingo na mchuzi. Simbilisi hana mwenyewe kwenye mila, ukimchinja jioni mnakula wote. Tatizo vijana wameanza kuona ni nyama ya kimaskini.

Fundi Mbalizi:
Naongea kama baba. Uzi wote mnamsema mama mama mama. Kwenye hizo siku za lishe mimi sijawahi kumuona mwanaume mwenzangu amekaa pale chini na mtoto, na hatuitwi, tangazo linasema wakina mama leteni watoto. Wakati pesa ya mahindi naipokea mimi. Ukweli tuuseme, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kuanzia mvua zinapochanganya mpaka mwezi wa tano hivi wanaume wengi wa huko Iringa jioni wako kilabuni, na wakina mama wengine pia, na watoto wanazunguka hapo hapo wanaonjeshwa mabaki kwenye kikombe eti ulanzi mtamu hauna kilevi. Nimeona kwa macho yangu mtoto mdogo kabisa kapewa akalala, watu wakasema kashiba. Serikali ya kijiji ingepiga marufuku mtoto kukanyaga kilabuni na faini ikalipwa kweli, tungeona tofauti.

Mto Ruaha:
Fundi Mbalizi umenisaidia sana kaka, hilo la tangazo nalichukua, kuanzia sasa nitatangaza wazazi wote. Na la kilabuni ni kweli tupu, sheria ndogo vijiji vingine zipo ila mwenye kilabu ni ndugu wa mjumbe.

Pwani Moja:
Salamu kutoka Kilifi, Kenya. Nimesoma hii nikaona mnaongea kutuhusu sisi. Utafiti wetu wa 2022 kitaifa udumavu ni asilimia 18, Kilifi 37, tunaongoza nchi nzima. Sisi kwetu hali ni tofauti kidogo, ukame unatupiga, mahindi mengine hayaivi. Lakini hilo la muda wa mama ni lile lile. Mama anatoka asubuhi kwenda kuponda kokoto ama kuchoma makaa, mtoto anaachwa na nyanya yake na sima na mchicha. Minazi iko, mikorosho iko, muhogo uko, bahari iko hapo na samaki anapelekwa hotelini.

Kisima:
Nimesoma majibu, hoja ya nchi sita nimeielewa. Ila Mto Ruaha hilo pendekezo lako la kulea kwa zamu sioni likitekelezeka. Nani anapika? Nani analipa? Mtoto akiungua au akitumbukia kisimani nani anaenda polisi? Na majirani wenyewe hawasemeshani, mama hawezi kumwachia mtoto wake mtu anayemshuku kuwa ni mchawi. Hizi programu zikiisha pesa ya wafadhili kila kitu kinakufa, hiyo ya miaka ya 80 unayoisifia iko wapi leo?

Mto Ruaha:
Maswali ya maana kabisa haya mkuu, nayajibu vile ninavyojua.

Ile ya zamani ilibebwa na vijiji wenyewe ila ilikuwa na watu wa kuisimamia ngazi ya kata na wilaya wanaofuatilia kila robo mwaka, wale walipoondoka kupima kukabaki kuandika namba kwenye daftari na hakuna kikao kinachozijadili. Hapo ndipo ilipofia kwa ninavyoelewa. Leo tunapima watoto, takwimu zinapanda juu kwenda wilayani, kijiji hakirudishiwi majibu. Mkutano mkuu wa kijiji unajadili barabara na mipaka ya mashamba, sijawahi kusikia ajenda ya watoto wangapi wamedumaa hapa kwetu.

Pesa. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 toka mapato yake ya ndani, na mikataba ya lishe ipo, wakuu wa mikoa walisaini tena na Rais mwaka 2022. Diwani wenu muulizeni kwenye kikao ile 1,000 ya watoto wa kata hii imefanya nini mwaka huu. Hiyo haitoshi kumlisha mtu ila inaweza kununua sufuria, turubai, na mafunzo ya walezi. Na toka Desemba 2021 kuna programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto ambayo inazitaja hizi sehemu za kulelea watoto za jamii, kwa hiyo afisa ustawi wa wilaya ukimfuata hawezi kusema hakijui hicho kitu.

Kuhusu nani anapika na nani anaaminiwa, hapa naongea kitu nilichokishuhudia. Kitongoji kimoja cha kwetu kina kikundi cha hisa cha wakina mama, wanakopeshana na kuzikana, kwa hiyo kuaminiana kulikuwepo tayari kabla ya mtoto kuletwa. Msimu uliopita walijipanga wenyewe. Kila siku wawili wanabaki wengine wanaenda shamba, na hao wawili shamba lao linalimwa na wenzao siku nyingine, hakuna mshahara. Kila nyumba ilitoa debe la mahindi, maharage, na mayai ya kuku mmoja aliyechaguliwa kabisa, kuku wa mtoto, mayai yake hayaendi mnadani. Sehemu ni banda la kanisa, wameziba kisima kwa mbao, jiko liko nje limezungushiwa uzio wa mianzi. Uji saa tatu, saa saba chakula kilichopondwa chenye maharage au yai au dagaa, saa tisa parachichi. Watoto wananawishwa mikono kwa sabuni wote kwa pamoja, na wale wa chini ya mwaka mama yao analima mashamba ya karibu ili arudi kunyonyesha.

Kuna mambo yalisumbua. Wiki za mwanzo watoto wawili walipata kuhara, tukagundua vikombe vilikuwa vinachangiwa, kila mmoja akaleta chake kimeandikwa jina. Baba mmoja alimkataza mke wake kushika zamu, mwenyekiti wa kitongoji akaenda kuongea naye. Sikudanganyi kwamba udumavu umeisha, msimu mmoja hautoshi kusema hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye kadi za kliniki ule mstari wa uzito ambao kila mwaka mwezi wa kwanza mpaka wa tatu huwa unalala, kwa wengi wao safari hii uliendelea kupanda, na dada zao wadogo waliokuwa wanaachiwa mzigo wameenda shule ya awali.

Mama Junior:
Hilo la kuku wa mtoto nimelipenda mno. Mimi na wenzangu kwenye kikundi chetu tuko 22, nitalipeleka Jumapili. Nauliza, kwa watoto kama 30 unga na maharage mnakadiriaje, na mlianza mwezi wa ngapi kukusanya?

Mto Ruaha:
Wao walikusanya mwezi wa saba baada ya kuvuna, kabla watu hawajauza, hilo likisubirishwa tu mahindi yataondoka yote. Kipimo walichokubaliana ni debe moja la mahindi na sado mbili za maharage kwa kila mtoto kwa msimu mzima wa palizi, asiye na maharage alileta karanga zilizochambuliwa au dagaa. Yakasagwa dona kidogo kidogo kila wiki mbili ili yasichache. Weka mtu mmoja wa kutunza funguo ya stoo na mwingine wa kuandika, wasiwe ndugu. Kabla hamjaanza mwite mhudumu wa afya wa kijiji chenu awapime watoto wote urefu na uzito siku moja, mwandike, alafu mpime tena palizi ikiisha. Nitumie ujumbe pembeni nikupe ile ratiba ya zamu walivyoipanga, imeandikwa kwa mkono nitaipiga picha.